Chanjo ya homa ya mafua katika zahanati moja ya Njiro: sindano nzuri, bango la kutisha

Maoni haya yanahusu huduma ya chanjo ya homa ya mafua inayotolewa na zahanati moja binafsi upande wa Njiro, hapa Arusha. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina sifa za kuwapa na nina malalamiko vilevile, na malalamiko yenyewe yanahusu tabia niliyokwisha kuiona katika vituo vingine pia. Nilimpeleka mama yangu, ambaye amevuka miaka 70 na anaishi na kisukari, mwanzoni mwa kipindi cha baridi, wakati ambapo mji huu hukohoa kuanzia ndani ya daladala hadi kanisani.

Anayefika hukutana kwanza na bango. Limechorwa kirusi chekundu chenye miiba, kikubwa kuliko kichwa cha mtu, na juu yake yameandikwa maneno yanayomtaka mpita njia ajikinge mapema dhidi ya Marburg, mpox, UVIKO-19 na "virusi vipya vyote". Homa ya mafua, ambayo ndiyo pekee kati ya magonjwa hayo waliyokuwa na chanjo yake siku hiyo, imewekwa chini kabisa kwa herufi ambazo mama hakuweza kuzisoma hata alipovaa miwani.

Naelewa kwa nini bango la namna hiyo huvuta watu Arusha kuliko pengine kokote. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa msafiri aliyeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) akitokea Ubelgiji, na miezi iliyofuata tuliyaona magari ya watalii yakilala uani, wafanyakazi wa hoteli wakirudi vijijini, ndoo za maji tiririka zikipangwa kila mlango na watu wakijifukiza nyungu asubuhi na jioni. Kisha Machi 2023 ikatangazwa Marburg mkoani Kagera, na Januari 2025 ikarudi tena huko huko, wilayani Biharamulo. Aliyepitia hayo hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ya kipuuzi. Katika mlipuko wa 2023 waliougua walikuwa tisa, na sita kati yao walifariki. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuuita ugonjwa wa aina hiyo mdogo.

Hata hivyo, ukali wa ugonjwa kwa mgonjwa mmoja na madhara yake kwa jamii nzima ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo bango linapompotosha msomaji. Marburg huambukiza kwa kugusana na damu au majimaji ya mgonjwa ambaye tayari anaonekana kuwa mgonjwa, kwa hiyo wahudumu wakiwafuatilia waliokutana naye na mazishi yakifanywa kwa tahadhari, mlipuko huzimika. Ule wa 2023 ulitangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni mwaka huo huo. Kirusi cha homa ya mafua husafiri kwa hewa na matone ya kikohozi, na mtu huanza kukisambaza takribani siku moja kabla hajajisikia vibaya, akiwa bado kazini au sokoni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya milioni 3 na milioni 5 duniani huugua homa hiyo kwa ukali, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kutokana na matatizo ya upumuaji yanayoletwa nayo. Wengi wa wanaoipata hupona baada ya wiki moja bila dawa yoyote ya maana, lakini sehemu ndogo ya watu wengi mno bado ni makaburi mengi, na makaburi hayo hayatangazwi na mtu.

Ndani ya chumba cha chanjo mambo yalikuwa mengine kabisa. Muuguzi, binti mdogo ambaye mama alimwita mjukuu baada ya kupokea shikamoo yake, hakuanza na sindano. Alipima shinikizo la damu na sukari, akauliza kama mama ana homa siku hiyo na kama amewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo yoyote, kisha akasikiliza pingamizi lake hadi mwisho. "Mjukuu wangu, mafua nimeugua tangu utoto, leo ndiyo yaje kuniua?" Akamjibu kwa upole: "Bibi, ya kupiga chafya na kupenga hayana neno. Ninayoyaogopa ni yale yanayokuangusha kitandani ghafla, homa juu, mwili unauma hadi mifupa, kwa sababu yakimkuta mwenye sukari yanahama na kuingia kwenye mapafu na moyo." Sidhani kama kuna bango lililowahi kulieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Nimonia ndiyo njia iliyozoeleka ya kifo baada ya homa ya mafua. Hata katika janga la homa ya mafua la 1918, lililofika Afrika Mashariki kupitia bandarini wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikikaribia kwisha na linalokadiriwa kuua watu milioni 50 duniani, wengi walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya kirusi. Kuhusu moyo, inafahamika kwamba uwezekano wa kupata mshtuko huongezeka mara kadhaa katika wiki ya kwanza ya kuugua.

Nilipoomba kuona boksi, alinipa bila kununa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado, na palikuwa pameandikwa msimu ambao chanjo ilitengenezewa, jambo ambalo kila mteja anapaswa kuliangalia, kwa sababu kirusi hiki hubadilika kila mara na muundo wa chanjo hupitiwa upya mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini na Septemba kwa ajili ya zile za kusini. Ilikuwa na aina tatu za kirusi hicho: A(H1N1), A(H3N2) na B. Muuguzi alieleza kwamba zamani ziliwekwa aina nne, lakini tawi moja kati ya mawili ya B halijaonekana tangu Machi 2020, kwa hiyo likaondolewa. Friji ilikuwa na kipimajoto mlangoni kikisoma nyuzi 5, na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni lilikuwa limejazwa hadi siku ile. Chanjo hii hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 na huharibika ikiganda, hivyo katika mji ambao umeme hukatika, daftari hilo lina thamani kuliko vigae vinavyong'aa pale mapokezi.

Jambo jingine la kuwasifu ni kwamba hawakuahidi makubwa. Mama aliambiwa kinga hukamilika baada ya wiki mbili hivi, kwamba katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka hupunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 40 hadi 60, na kwamba haizuii mafua ya kawaida wala UVIKO-19. Mkono ulimuuma siku iliyofuata, akalalamika kidogo, basi.

Malalamiko yangu yanaanzia tena mapokezi. Kabla hatujaonana na muuguzi, mhudumu alituandikia "kifurushi cha kinga ya virusi" chenye dripu ya vitamini, vidonge vya zinki na dozi ya azithromaisini ya kuweka nyumbani "kwa tahadhari", na bei ya sindano peke yake haikuwa imebandikwa popote. Nililazimika kuiuliza mara mbili ndipo ikatajwa. Azithromaisini ni dawa ya bakteria na haina uwezo wowote juu ya kirusi cha mafua. Kumpa mtu asiyeugua aiweke kabatini ni kumfundisha kuitumia ovyo, na siku atakapopata ile nimonia inayoihitaji kweli, huenda isimsaidie. Dripu ya vitamini kwa mtu anayekula na kunywa vizuri ni fedha tupu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kifurushi hicho huuzwa kwa nguvu ya bango lile lile: mtu huingia akiwa na hofu ya Marburg, ambayo hakuna chochote ndani ya kifurushi kinachoizuia, na hutoka akiwa amelipia vitu asivyovihitaji, pengine bila hata kuchanjwa.

Foleni haikuwa ndefu, choo kilikuwa safi, na kadi ya chanjo iliandikwa jina la chanjo na namba ya toleo kama inavyotakiwa. Bima ya mama haikukubaliwa kwa huduma hii, tukalipa taslimu.

Ningemshauri aende pale mwenye umri mkubwa, mjamzito, mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU, na yeyote anayehudumia wagonjwa. Kijana mwenye afya njema hana sababu ya kukimbilia huko kwa wasiwasi, ingawa akichanjwa atawapunguzia hatari wazee anaoishi nao. Kwa atakayepatwa na homa ghafla, kipimo cha malaria kinabaki cha lazima hata kama anakohoa, na anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, au ambaye homa ilishuka kisha ikarudi kwa nguvu aende hospitali kubwa moja kwa moja, asipitie zahanati. Atakayekwenda kuchanjwa apige simu kwanza, kwa sababu chanjo huletwa chache na huisha, na akifika aulize bei ya sindano peke yake kabla jina lake halijaandikwa.