Natural Earth, QGIS na Pemba iliyopotea mara mbili: uzoefu wangu

Ujumbe wa sauti uliingia saa tatu usiku. Mteja wangu, mzee mmoja wa Wete anayeuza mwani nje ya nchi, alikuwa amefungua ukurasa wa mbele wa tovuti niliyomtengenezea. Nilimwekea ramani ya dunia nzima: nchi kavu rangi ya mchanga, bahari buluu iliyopoa, na mistari miwili iliyopinda ikitoka Pemba, mmoja ukienda Denmark, mwingine China. Alicheka kwanza, kisha akasema: "Mwanangu, mwani unalimwa baharini, hilo kweli. Lakini ofisi yangu mie iko nchi kavu."

Nikafungua na mimi. Nukta ya Wete ilikuwa mahali pake kabisa, latitudo na longitudo sawasawa. Kisiwa ndicho hakikuwepo. Nukta inaelea majini peke yake kama boya. Nikatazama kusini kidogo: Unguja nayo haipo. Nilikuwa nimeipitia ile ramani siku nne, nimebishana na nafsi yangu kuhusu buluu ya bahari, na sikuona. Mimi, mtu wa Dar, ninayepanda boti kwenda Unguja kila Idi.

Basi haya ndiyo maoni yangu juu ya vifaa nilivyotumia, baada ya kuirudia kazi ile mara tatu.

Natural Earth ni hazina ya ramani za dunia unayoipakua bure. Ilianzishwa na Nathaniel Vaughn Kelso na Tom Patterson, ikatoka mwaka 2009. Hujisajili, hulipi, na wala hulazimiki kuwataja. Ndani yake kuna mipaka ya nchi, pwani, maziwa, mito na miji, na vyote vimeandaliwa kwa skeli tatu: moja kwa milioni 10, moja kwa milioni 50, na moja kwa milioni 110. Hapo ndipo nilipojikwaa. Ile ya 110 ni nyepesi, haifiki megabaiti moja, na mimi nilikuwa nawaza bando la mtu atakayefungua tovuti akiwa Micheweni. Nikaichukua bila kuuliza imeacha nini.

Nchi zilizomo ni 177. Komoro haimo. Shelisheli haimo, wala Morisi, wala Cape Verde. Tanzania imo, ila ni umbo moja tu, bara peke yake. Kinachochekesha ni kwamba mpaka wetu na Kenya, tangu Ziwa Victoria hadi Bahari ya Hindi, umechorwa kwa nukta tano, na mbili kati ya hizo zimetumika kuhifadhi kile kikona kinachozunguka Kilimanjaro. Mlima umepewa nukta mbili, na Zanzibar nzima haikupata hata moja.

Lakini nisiwaonee. Kwenye skeli ile milimita moja ya karatasi ni kilomita 110. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, kwa hiyo haifiki hata milimita. Waliichora kwa ajili ya ramani ndogo ya pembeni mwa ukurasa, mimi nikaitandaza skrini nzima. Kosa ni langu.

Afadhali nieleze hesabu ya pikseli, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Ramani nyingi za mtandaoni, ukizirudisha nyuma mpaka mwisho, dunia nzima inakaa kwenye mraba mmoja wa pikseli 256 kwa 256. Hapo, kwenye ikweta, pikseli moja inabeba kilomita 156 na ushee. Kila hatua moja ya kukuza inaigawa nusu. Hatua ya tatu, ambapo Afrika inaonekana yote kwenye simu, pikseli moja ni karibu kilomita 20. Pemba, yenye urefu wa kilomita 67 na upana wa 23, inakuwa pikseli tatu kwa moja. Kwa maneno mengine nafasi ya kuichora ipo. Ni ndogo, lakini ipo, na kuijaza au kutoijaza ni uamuzi wa mtu.

Nikapakua ya milioni 50. Pemba ipo, Unguja ipo. Faili sasa ni zito, pwani ya Norwe peke yake ina vijikona vya kuichosha simu. Nikaipeleka Mapshaper, ambayo ni tovuti ya kupunguza nukta kwenye ramani. Hii naipenda kwa sababu mbili. Kazi yote inafanyika ndani ya kivinjari, faili lako halipandi popote. Pili, inajua kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania ni mstari mmoja wenye wenyewe wawili. Ukipunguza kila nchi kivyake unapata nyufa, kipande cha bahari kinachungulia katikati ya Namanga. Humo hakuna nyufa.

Ina kisanduku cha kuzuia maumbo madogo yasipotee. Nikakitia alama, nikavuta kitelezo mpaka asilimia nane, nikashusha pumzi. Komoro imebaki. Shelisheli imebaki. Pemba imepotea tena!

Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Kile kisanduku kinalinda umbo kama lilivyoandikwa kwenye jedwali lililomo ndani ya faili, na kwenye jedwali hilo Tanzania ni mstari mmoja: bara na visiwa pamoja. Likibaki pande kubwa kuliko yote, programu inahesabu kwamba Tanzania imesalimika. Komoro ni nchi, kwa hiyo inalindwa. Pemba ni sehemu ya nchi, kwa hiyo haina mtetezi. Nilimsimulia rafiki yangu wa Mwanakwerekwe, akaniambia hiyo si programu, hiyo ni siasa. Sikumjibu.

Dawa yake ni kuitenganisha nchi vipande kabla ya kupunguza chochote. QGIS, programu ya bure ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, ina amri ya kufanya hivyo kwa mbofyo mmoja: kila kisiwa kinakuwa na mstari wake kwenye jedwali. Baada ya hapo nikafuta vipande vyote vilivyo chini ya kilomita za mraba 500, isipokuwa pale ambapo kipande hicho ndicho nchi yenyewe, kama Malta au Shelisheli. Ndipo nikarudi Mapshaper, nikapunguza huku kile kisanduku kimewashwa, kisha nikaviunganisha tena vipande kwa jina la nchi. Pemba ikasimama. Faili likarudi kuwa jepesi karibu kama lile la kwanza.

Visiwa vikishakuwepo inabaki kazi ya kuvifanya vionekane. Ujanja wa wachora ramani ni kuvinenepesha kidogo. Niliipa nchi kavu yote mstari mwembamba wa rangi ileile ya mchanga, nusu pikseli, na Pemba ikapata mwili. Nilipojaribu pikseli moja na nusu, Unguja ikagusana na Bagamoyo. Muungano wa 1964 unatosha, nikarudi kwenye nusu.

Kuhusu mipaka, nilianza kama anavyoanza kila mtu: mstari mweusi kuzunguka kila nchi. Ukitazama kwa karibu unapendeza. Ukirudi nyuma, Afrika inakuwa wavu wa samaki, na Gambia inapotea kabisa kwa sababu mistari yake miwili inakutana na haiachi nchi katikati. Sasa sichori pwani kwa mstari wowote. Tofauti ya rangi ya maji na mchanga inatosha. Mipaka ya ndani naichora nyeupe, nyembamba, inayofifia kadiri unavyorudi nyuma. Ukitazama dunia nzima unaona mabara. Ukikaribia, nchi zinajitokeza taratibu. Mzee wa Wete hakuliona hilo hata kidogo, na nadhani hiyo ndiyo sifa yake.

Maziwa ndiyo yaliyonitoa jasho. Kwenye faili la nchi, Ziwa Victoria limejazwa kana kwamba ni nchi kavu, na mistari ya Tanzania, Uganda na Kenya inakutana humo ndani. Maziwa yanakuja kwenye faili lao peke yake, nawe unaamua uyaweke juu ya mipaka au chini. Nikayaweka juu. Maji yakafunika mistari, na ziwa likaonekana ziwa.

Halafu nikakumbuka Nyasa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliupitisha mpaka kwenye ufukwe wa mashariki, na Malawi inashikilia hapo. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Hata jina halikubaliwi na wote, wenzetu wanaliita Ziwa Malawi. Sasa ziwa lile, mahali palipo panapana, lina kilomita 75 hivi. Kwa pikseli ya kilomita 20, umbali kutoka ufukweni hadi katikati ni pikseli mbili. Mgogoro wa miongo mingi, pikseli mbili! Kuweka maziwa juu kulinitoa kwenye kesi hiyo bila kusema neno, na nakiri nilifurahi. Kwa ramani ya kuuzia mwani ni sawa. Kwa kitabu cha shule nisingejificha nyuma ya maji: ningechora mstari wa nukta nukta.

Hilo linanileta kwenye jambo la kuangalia kabla hujapakua. Natural Earth kwa kawaida huchora nani anashika ardhi kwa sasa, na si nani anatambuliwa kisheria. Kwa hiyo Somaliland utaikuta imetengwa na Somalia, na Sahara Magharibi imesimama peke yake. Crimea, rasi inayogombaniwa na Urusi na Ukraine, imewaletea kelele nyingi. Kuna mafaili ya ziada ya maeneo yenye ugomvi, na matoleo ya karibuni yanakuruhusu kuchagua mtazamo wa nchi fulani. Ukiwa na mteja wa Mogadishu, usimpelekee ramani kabla hujapita hapo.

Mwisho nikabadilisha namna ya kuitandaza dunia. Mtandazo wa Mercator, ambao ramani nyingi za mtandaoni zinautumia, unaivimbisha kaskazini: Greenland inaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuuacha. Nilichagua Equal Earth, uliotolewa 2018 na watu watatu, mmoja wao ni yuleyule Tom Patterson wa Natural Earth. Humo kila nchi inapata eneo lake halali. Kwenye QGIS unaandika namba yake, 8857, basi.

Ila mimi nilitaka Bahari ya Hindi iwe katikati, nikausogeza mstari wa kati hadi digrii 45 mashariki. Ukingo wa ramani ukahamia digrii 135 magharibi, ukapita juu ya Kanada, na Kanada ikachanika na kujivuta kama unga wa chapati kutoka ukingo huu hadi ule. Inabidi ukate ufa mwembamba kwenye digrii hiyo kabla ya kutandaza. Sikuona mahali palipoelezwa kwa lugha nyepesi, ndiyo maana naandika hapa.

Kwa nyota: Natural Earth tano, mradi usome skeli kabla ya kupakua. Mapshaper nne na nusu. QGIS nne. Inafanya kila kitu, lakini kwenye kompyuta yangu yenye RAM ya GB 4 unaweza kuchemsha chai kati ya mbofyo na mbofyo.

Ramani mpya ilipanda Alhamisi. Nilimpigia mzee, shikamoo, marahaba, nikamwomba afungue. Kimya. Nikamsikia akimwita mjukuu amsaidie kukuza, wakanong'onezana.

"Pemba naiona," akasema. "Na Unguja ile pale. Ahsante sana mwanangu, hapo umefanya kazi." Nikaanza kushukuru, akanikata. "Hebu niambie, Mafia iko wapi? Nna shemeji yangu kule."

Mafia, kisiwa kikuu, ni kama kilomita za mraba 400. Mimi nilikuwa nimekata kwenye 500.