Rola za kuteleza na jeti mpya kwenye kwadi ya cc 150: uzoefu wangu hapa Unguja

Kwadi yangu, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ni ya Kichina, cc 150, injini ya GY6, ndugu wa hizi skuta tunazopishana nazo Darajani kutwa. Kwangu hiyo ni sifa kubwa, maana silinda, kabureta na mkanda vyote unavipata kwenye duka la vipuri vya skuta. Niliinunua kwa mtu wa Nairobi, ikavushwa na boti ya mizigo mpaka bandarini Malindi, hapa hapa Unguja. Tunashindana na wenzangu kwenye kiwanja cha udongo na mawe nje ya mji, na mara moja moja pwani maji yakikupwa.

Mwenyewe wa kwanza aliisifu kwamba inapaa. Hapa ilikuja kuchemka na kukohoa. Kila aliyeiona alinishauri nivunje injini niweke silinda ya mm 61 badala ya mm 57.4 iliyotoka nayo kiwandani. Fundi wangu wa Mwanakwerekwe hakutaka hata kulisikia hilo. Alifungua plagi, akaniwekea kiganjani: kauri nyeupe pe. "Sheikh, hii inakula upepo mtupu."

Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi. Huku kwetu hewa ni nzito, kwa hiyo jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyotosha kule huku inakuwa ndogo: upepo unaingia mwingi, petroli haitoshi, injini inapata joto, na ukizidi kuilazimisha pistoni inakwama. Ungeweka silinda kubwa juu ya hali hiyo, ungekuwa umenunua joto tu. Akapandisha jeti kuu namba moja moja. Kila namba tunakwenda moto wote, tunazima ghafla, tunafungua plagi. Kauri ilipokuwa hudhurungi akasema basi. Kukohoa kukaisha siku hiyo hiyo, na mpaka hapo nilikuwa nimelipia vijiti vya shaba visivyozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Baada ya kabureta ndipo tukaingia kwenye puli. Wasioijua: kwadi hizi hazina gia za kubadilisha kwa mguu, ni puli mbili na mkanda. Ndani ya puli ya mbele mna rola sita. Injini ikizidi kuzunguka, rola zinakimbilia nje, zinaibana puli, mkanda unapanda juu na mwendo unaongezeka. Rola nzito zinaupandisha mkanda mapema, nyepesi zinauchelewesha. Injini hii nguvu zake nyingi zipo karibu na mizunguko 7,500 kwa dakika. Tulipofunga geji ya mizunguko tukakuta kwamba kwa rola za gramu 13 zilizokuja nayo, sindano inaganda kwenye 6,000 na kitu. Nguvu zilikuwapo, ila mkanda ulikuwa unapanda kabla injini haijazifikia.

Nikanunua rola za gramu 11 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina nalihifadhi. Kwadi ikawa inatetemeka na sindano haitulii. Nikazichukua rola mpaka kwa sonara mmoja Mji Mkongwe, akaziweka moja moja kwenye mizani ya dhahabu huku wateja wake wakinitazama. Zote zimeandikwa 11. Moja ilikuwa 10.3, nyengine 11.8, na hakuna mbili zilizolingana. Pesa sikurudishiwa, ila tangu hapo hakuna rola inayoingia kwenye puli yangu bila kupita kwa sonara.

Zilizonikata kiu ni Dr. Pulley za Taiwan, saizi 18x14, gramu 11. Hizi si duara, zina mabega, na badala ya kubiringika zinateleza. Mizani ilizikubali. Kwa umbo lake zinaibana puli zaidi mwishoni kuliko rola za duara, kwa hiyo mkanda unafika juu zaidi. Hilo tulilihakiki kwa marka: unachora mistari kwenye uso wa puli kutoka katikati hadi ukingoni, unakwenda mbio, unafungua. Pale mkanda ulipopita wino umefutika. Kwa rola za zamani wino ulibaki upana wa kidole. Kwa hizi ulibaki uzi tu ukingoni. Angalizo ni moja: zina upande wa kuingilia, na kijikaratasi cha ndani kimechorwa. Zikigeuzwa, faida yake huioni. Na usipake grisi, inakamata vumbi.

Sasa nikivuta moto sindano inapanda mpaka 7,300 hivi na inakaa hapo huku mwendo unaongezeka wenyewe, na kutoka kwenye kona kwadi haisiti. Tulijaribu na gramu 9. Kelele nyingi, mwendo hamna, mkanda ukawa haufiki juu kabisa.

Springi ya puli ya nyuma tuliweka ya 1,000 (ndiyo namba ya ugumu wake). Ile ngumu zaidi, ya 1,500, wanaisifu sana, lakini mimi niliiona inautesa mkanda tu: ukifungua kifuniko unapokewa na joto na harufu ya mpira. Springi za klachi ngumu kidogo, hizo nazipendekeza kwa anayekwenda kwenye mchanga, maana klachi inashika injini ikiwa tayari imeshapata nguvu.

Vumbi letu la mawe ya matumbawe ndilo adui. Linaingia kwa tundu la upepo wa kupoza puli, likichanganyika na unga wa mkanda linakuwa uji wa kijivu na puli inateleza. Sponji ya hapo ioshwe kila baada ya mchezo, na ukitoka pwani mwaga maji baridi chini kote kabla chumvi haijakauka. Mkanda wangu ni 743-20-30. Soma namba ya kwako kabla hujanunua, kwa sababu kuna injini za GY6 zenye kifuniko kirefu zinazotumia 842.

Rola nazipa nyota tano, fundi tano, springi ya 1,500 moja. Ulaji wa petroli umeongezeka kidogo na kelele pia, kwa hiyo wenye kwadi za kutembeza wageni Nungwi na Kizimkazi wabaki na rola nzito. Wao wanahitaji injini tulivu na tangi linalorudi na kitu. Jeti lakini waikague, hasa kama mashine imetoka bara ya juu.