Mteremko wa Sumaku au Gurudumu la Sumaku?

Wanaotamani kuunda mota inayojiendesha kwa sumaku za kudumu pekee huanza na mojawapo ya mipango miwili. Wa kwanza ni wa kale: katika karne ya 17, askofu Mwingereza John Wilkins alieleza sumaku iliyowekwa juu ya nguzo, ikivuta tufe la chuma lipande njia iliyoinama hadi kwenye tundu, ambako lingeanguka na kurudi chini ili kuanza upya. Wilkins mwenyewe aliitambua kasoro: sumaku inayoweza kulipandisha tufe hulizuia pia lisianguke tunduni.

Mpango wa pili ni gurudumu. Howard Johnson wa Marekani alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) namba 4,151,431 mwaka 1979 kwa mota yenye sumaku zilizopinda zinazopita mbele ya safu ya sumaku nyingine, lakini hataza hulinda uvumbuzi, haithibitishi kwamba chombo kinazalisha nishati. Gurudumu hupotosha kwa urahisi, kwa kuwa likisukumwa kwa kidole huzunguka kwa muda juu ya beringi nzuri, kisha huyumba mbele na nyuma na kutulia pale mvuto na msukumo vinapolingana. Kila kinachopatikana sumaku zinapokaribiana hulipwa zinapoachana, na msuguano huchukua kilichosalia.

Kwa anayeanza, ninapendekeza mteremko bila kusita. Gololi ya chuma hunasa mbele ya macho yake, na kimo ilichofikia hupimwa kwa rula.