Canna House: nyumba ya Kigaeli tulimokatazwa Kiswahili

Nilitaka kutoa nyota moja nikaishia hapo. Imepita miaka na hasira haijaisha.

Canna ni kisiwa kidogo magharibi mwa Uskoti. Kutoka bandari ya Mallaig ni zaidi ya saa mbili baharini, na bahari ile haina utani; shangazi yangu, aliyekuja kutoka Voi kunitembelea, alitapika njia nzima. Lakini nilishamwahidi nyumba ya John Lorne Campbell na mkewe Margaret Fay Shaw, waliokusanya nyimbo za Kigaeli, lugha ya asili ya Uskoti, kwa vile anavyopenda nyimbo za wazee. Campbell alikinunua kisiwa kizima 1938, akakikabidhi kwa shirika la uhifadhi 1981, na makusanyo yake juu. Mwaka 1937 alikuwa tayari anarekodi Kigaeli kwa mashine ya silinda za nta. Margaret, Mmarekani, aliishi miaka sita kisiwa cha South Uist kwa akina dada wawili, akiokota nyimbo jikoni mwao.

Sasa sikia. Tumesimama karibu na piano ya Margaret, namfasiria shangazi kwa kunong'ona, maana lafudhi ya kiongozi wetu ilimshinda. (Kiongozi wa kampuni iliyotuleta, si mtu wa nyumba ile.) Akakatiza maelezo, akatugeukia: humu tuongee Kiingereza, tunawasumbua wenzetu. Wenzetu wenyewe wanne, na mmoja hana habari, anapiga picha vipepeo vya Campbell!

Humo humo! Watoto wa Kigaeli walivishwa kijiti shingoni kwa kusema lugha yao shuleni. Shangazi naye shuleni alivishwa disk, kibao cha adhabu, kwa kusema Kitaita. Nilitetemeka. Nilichomjibu sitakiandika.

Shangazi akanishika mkono, "Ngoja, mwanangu." Kisha, kwa Kiingereza chake cha mwalimu mstaafu, akamuuliza yule bwana anajua Kigaeli kiasi gani. Hajui. Hata salamu.

Basi nyumba naipa tano, kiongozi simpi kitu. Msiende na kikundi, pandeni feri wenyewe. Ingawa shangazi anabisha: anasema tungekwenda wawili tu, angerudi Voi na habari za piano. Sasa kila arusi anamsimulia yule bwana, na kila akimsimulia anazidi kuwa mfupi.