Printi mbili za op art: Vasarely safi, Riley wameivuta

Wadau nimeona niandike maana kila anayekuja kwangu anauliza zile picha za op art, yani sanaa inayochezea macho, nimetoa wapi. Duka silitaji coz bado tuna kesi nao, ila ni la mtandaoni hapa hapa Dar, unalipa kwa simu, boda anakuletea picha imeviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu. Nilichukua mbili za saizi ya A2, 85,000 kila moja bila fremu.

Ya kwanza Vega-Nor ya Victor Vasarely, yule mchoraji Mhungari aliyehamia Paris 1930, hii ni ya 1969. Jamani ni kali! Ukikaa kwenye kochi unaona tufe limevimba linataka kutoka ukutani, af ukisogea mpaka pua inakaribia kugusa tufe halipo, ni vyumba vyumba vya rangi tu, vya katikati vikubwa vya pembeni vimebanwa na kupinda, yani ubongo wako mwenyewe ndo unaumba hilo tufe. Orijino ni mraba wa mita 2 kwa 2, kwa hiyo wameacha nafasi nyeupe pembeni, sawa kabisa. Na Vasarely mwenyewe alikua anataka kazi zake zichapwe nyingi ziwafikie watu wa kawaida, so asikutishe mtu kwamba printi sio sanaa.

Sasa njoo kwenye Movement in Squares ya Bridget Riley, mchoraji wa Uingereza, ya 1961. Hii ni nyeusi na nyeupe tupu kama ubao wa drafti, kimo cha visanduku hakibadiliki ila upana unapungua, unapungua, mpaka kulia kidogo ya katikati vinakua vyembamba kabisa, halafu vinaanza kupanuka tena, jicho linaapa kwamba karatasi imezama hapo. Ujanja wote uko kwenye hizo hesabu za upana. Orijino yake inakaribia mraba, A2 ni sentimita 42 kwa 59.4, na hawa jamaa badala ya kuacha nafasi kama kwa Vasarely wakaivuta ijaze karatasi yote!! Nimeweka rula, kisanduku cha mwanzo kushoto kinachotakiwa kuwa mraba kina upana mkubwa kuliko kimo. Lile shimo limelegea, huoni kuzama ile ya kushtuka. Na ukichungulia kingo zina ngazi ngazi za pikseli na ukungu wa kijivu, wakati picha hizi zinaishi kwa weusi kugongana na weupe bila kitu katikati, ukiweka kijivu umeiua.

Kwa anayetaka kununua, omba karatasi isiyong'aa na mwambie fundi wa fremu asiweke kioo cha kawaida, taa ikimulika unaona sura yako na feni. Na kama nyumbani kuna mtu wa kipandauso usiitundike Riley chumbani, wife alilalamika kichwa siku hiyo hiyo ikahamia koridoni.

Vasarely nyota 5, Riley 2. Nimewaambia waichape upya kwa vipimo vyake na nafasi nyeupe ibaki, wamekubali ila wanasema hela ya boda nitoe mimi, hapo ndo tunabishana mpaka sasa.