Mwaka mmoja na kampuni ya mishahara: nilichowakabidhi na nilichobaki nacho

Mimi ni afisa rasilimali watu wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara. Ofisini tuko wawili tu. Nje ya msimu tuna wafanyakazi 40. Korosho zikianza kuingia Oktoba tunafika 170, wengi wao kina mama wa kubangua na kumenya, wanaolipwa kwa kilo.

Miaka yote Novemba ilikuwa inanitesa. NSSF asilimia 20 ya mshahara, mchango wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini), kodi ya mishahara TRA isiyopaswa kupita tarehe 7, na kila taasisi ina mfumo wake. Msimu wa juzi tulichelewa, tukapigwa faini. Lakini kilichoniuma zaidi ni mama mmoja aliyekuja kuomba ruhusa akamzike baba yake Newala. Alinikuta nimeinamia kompyuta, nikamnyooshea mkono asubiri. Alisubiri saa nzima.

Ndipo tukaingia mkataba na kampuni ya kutoka Dar es Salaam inayoshughulikia mishahara, mikataba na michango ya wafanyakazi kwa niaba yetu. Tunawalipa shilingi 6,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, idadi ikipungua Machi na bili inapungua. Wepesi wake niliuona Oktoba: Jumatatu nilituma majina 130, Alhamisi mikataba ya kazi maalumu ilikuwa tayari kusainiwa na watu wote wameandikishwa NSSF. Zamani kazi hiyo ilinichukua wiki tatu.

Malipo ya kwanza, hata hivyo, yalikwenda vibaya. Mfumo wao ulijua siku za kazi, haukujua kilo. Walichukua wastani.

"Mwanangu, kilo zangu za Jumanne kala nani?" bibi mmoja aliniuliza mlangoni. Nikafungua daftari la mizani. Kweli, alipunjwa kilo 11. Nilipopiga simu nilipewa namba ya lalamiko, na jibu lilikuja baada ya siku sita. Kwa mtu anayelipwa kila wiki, siku sita ni unga wa nyumba nzima. Tulimlipa kutoka fedha ndogondogo za ofisi, na mkurugenzi alinielewa.

Nilidai waje. Wakamtuma kijana, akakaa siku tatu pale kwenye mizani, akaona wanawake wanavyopima asubuhi na jioni na jinsi kilo za mama na binti yake zinavyoweza kuchanganywa. Fomu ikabadilishwa. Yeye ndiye aliyegundua pia kwamba laini 23 za simu zimesajiliwa kwa majina ya waume au watoto, ndiyo maana fedha zilizotumwa kwa simu zilikuwa zinarudi. Tangu hapo malipo yamekuwa safi, na nawashukuru kwa dhati.

Ukitaka huduma kama hii, angalia sana nani anabaki kuwa mwajiri. Dalali mmoja alitushawishi: "Sisi tutawaajiri, nyie mtawatumia tu." Tulikataa. Kanuni za mwaka 2014 zinamzuia wakala wa ajira kuwa mwajiri wa watu anaowapeleka kwa wengine, na hata zisingezuia, sioni vipi ningewatazama usoni kina mama hawa. Dai pia kipengele cha kurudishiwa taarifa zote mkataba ukiisha. Namba za NIDA na za simu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kama una watu 15 wasiobadilika, fedha hiyo nunulia kitu kingine. Kwa kiwanda cha msimu, nawapa nyota nne kati ya tano.

Mkataba tumeuhuisha. Walitaka wapokee na malalamiko kwa simu, nikakifuta kipengele hicho. Hayo nayasikiliza mwenyewe kila Ijumaa saa nane, chini ya mwembe wa getini, na daftari la mizani liko mkononi.