Apu ya tiketi za basi: nyota mbili, na zote ni za ramani ya siti

Niseme ukweli, sehemu ya kuchagua siti wameipatia, unaliona basi lote, dirishani wapi, nyuma ya dereva wapi, ukigusa inabadilika rangi hapohapo. Balaa linaanza kwenye Lipa.

Juzi nakata tiketi ya Mbeya, nikabonyeza Lipa, kaduara kakaanza kuzunguka, kisanduku cha PIN kikaja, nikaweka, meseji ya hela kukatwa ikaingia, narudi kwenye apu kaduara bado kanazunguka tu kama feni ya saluni. Dakika mbili nzima, mara "imeshindikana, jaribu tena" na kitufe kinawaka. Nikajaribu tena, si ndo nimeambiwa! Hela ikakatwa mara ya pili. Nikatoka nikaingia upya, siti namba 7 ni nyekundu, imechukuliwa. Na nani? Na mimi. Tiketi sina. Kurudishiwa hela imechukua siku sita na simu zisizo na idadi.

Mi mwenyewe naandika apu kidogo kidogo, kwa hiyo kosa nimeliona. Seva, yaani ile kompyuta yao inayopokea maombi ya apu, ikichelewa kujibu haimaanishi malipo yamegoma, inamaanisha hujui bado. Hawa wanazijua hali mbili tu, imekubali au imekataa, hiyo ya katikati hawana, wakaamua kuiita imeshindikana. WhatsApp mbona wameweza, ukiona kasaa meseji haijatoka, tiki moja imetoka, mbili imefika kwa mwenzio, hata bibi yangu anajua kuzisoma. Hapa ilitosha kuandika "malipo yanahakikiwa, usilipe tena", kitufe kikafungwa, halafu kila oda ipewe namba yake moja isiyobadilika, ili hata ukibonyeza mara kumi seva ijue ni malipo yaleyale.

Kingine cha kuudhi, ukifungua ratiba inakwambia "hakuna safari", unasikitika weee, sekunde kadhaa mabasi yanaibuka. Sasa kama bado unaloodi unaniambiaje hakuna? Mtu mwenye haraka ashaifunga na hela yake anapeleka kwingine.

Haijanifanya niifute lakini. Naangalia siti zilizobaki, nachagua ninayoitaka, kisha nampigia wakala wa pale Mbezi anikatie.